Mjomba, nachambua vifurushi kwa 240,000 kwa mwezi. Napunjwa?

BARUA

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni msichana wa miaka 26, naishi Chuno hapa Mtwara. Tangu Novemba 2023 nafanya kazi kwenye ofisi moja ya vifurushi karibu na stendi ya Mkanaledi. Kazi yangu ni kuchambua. Basi la Dar likishusha mizigo nasoma lebo, naandika kwenye daftari na kwenye simu ya ofisi, halafu nagawa: ya mjini huku, ya Newala na Tandahimba pale, ya Masasi na Nanyumbu kule ukutani. Bahasha za maofisini zina kabati lake. Naingia saa sita mchana, natoka saa nne usiku, Jumatatu mpaka Jumamosi, katikati napata saa moja ya kula. Msimu wa korosho tunaitwa hata Jumapili. Novemba iliyopita niliingia Jumapili tatu.

Nalipwa 240,000 kwa mwezi, inaingia kwenye simu. Sina mkataba wala slipu ya mshahara. Nikiuliza naambiwa bado niko kwenye majaribio.

Yaliyonifanya niandike ni mawili. Tarehe 28 Februari, siku ya mshahara, nilikatwa 90,000 kwa mpigo. Kulikuwa na boksi la vioo vya simu la kwenda Masasi. Aliyeandika lebo kule Dar ana mwandiko mbaya, mwenzangu wa zamu akasoma "Masaki", akalirudisha Dar kwa basi la alfajiri. Halijaonekana mpaka leo. Bosi akasema meza ya kuchambua ni yangu, kwa hiyo deni ni langu. Nikabaki na 150,000, na hapo kodi ya chumba bado.

La pili ni shemeji yangu, mume wa dada. Amenionyesha kwenye simu kwamba karani wa kuchambua barua huko Marekani analipwa dola 20 na ushee kwa saa. Kwa saa, Mjomba! Ana rafiki yake anayesema atanijazia fomu za posta ya huko kwa 180,000. Shemeji anasema nikope. Mama anasema nitulie, wangapi Mtwara hawana hata hicho kibarua, nisubiri Posta watangaze nafasi.

Nataka kujua kama mshahara huu ni wa haki, na ni kitu gani kinafanya karani mmoja alipwe hivi na mwenzake vile wakati kazi ni ileile. Na kati ya shemeji na mama nimsikilize nani?

Mpwa wako,
Chuno, Mtwara

JIBU LA MJOMBA

Marahaba mpwa wangu. Pole kwa hiyo Februari. Nimeisoma barua yako mara mbili, na ile sehemu ya 150,000 ilinikaa moyoni mpaka usiku.

Nianze na lililo la haraka: hiyo 180,000 usiitoe, wala usiikope. Posta ya Marekani haitozi ada kwa anayeomba kazi, na inaajiri tu raia wa kule au mtu mwenye kibali cha kuishi kule moja kwa moja. Huyo rafiki wa shemeji hana fomu ya kukujazia. Mwambie shemeji kwa heshima kwamba umeuliza na umejibiwa, basi. Simsemi kwa ubaya, naona anakupenda na hakufurahishwa na hali yako.

Lakini hizo dola 20 alizokuonyesha si uongo, na hapo ndipo swali lako kubwa lilipo. Yule karani wa kule hapati pesa hizo kwa sababu anachambua haraka kuliko wewe. Mpaka mwaka 1970 karani wa posta Marekani alianza kazi kwa dola 6,176 kwa mwaka, na ilimchukua miaka 21 kufika kwenye ngazi ya juu kabisa ya mshahara wake. Machi mwaka huo makarani na wapeleka barua wa New York waligoma, mgomo ukasambaa nchini, Rais Nixon akafikia kupeleka askari New York wakachambue barua. Baada ya hapo ilipitishwa sheria iliyowapa haki ya kukaa mezani na mwajiri kujadili mishahara, na ile miaka 21 ikashushwa mpaka minane. Leo malipo yao yameandikwa kwenye mkataba wa chama chao: ngazi gani, hatua ya ngapi, nyongeza kwa anayefanya kazi usiku, nyongeza ya robo kwa saa za Jumapili, nyongeza pale gharama za maisha zinapopanda. Karani mgeni aliyeingia kwa muda analipwa chini ya aliyethibitishwa, japo wamesimama kwenye mashine moja.

Nimekueleza hayo ili uone pesa inatoka wapi. Mimi nilianza kuchambua barua Lindi, enzi Posta na Simu bado ni shirika moja, kabla ya kugawanywa na Shirika la Posta kuanza kazi peke yake 1 Januari 1994. Tulipokea magunia yenye lakiri, tunakata kamba, tunamwaga juu ya meza, mikono inajua njia yake yenyewe. Kati yetu palikuwa na mzee mmoja mwenye macho ya tai, barua mia zinampita huku anaongea. Hakutuzidi hata senti kwa ajili ya mikono yake. Aliyetuzidi alituzidi kwa ngazi iliyoandikwa kwenye barua yake ya ajira. Mshahara wa karani haufuati idadi ya vifurushi, mpwa wangu. Unafuata karatasi, na wewe huna hata moja.

Tuitafute karatasi ya kwanza, ambayo ipo hata kama bosi hajakupa: Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara kwa sekta binafsi. Ile ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Januari 2023, ilipanga mishahara kwa sekta. Anayefanya kazi za posta na usafirishaji wa vifurushi aliwekwa fungu moja na watu wa utangazaji na magazeti, kima chao 225,000. Usafiri wa nchi kavu, yaani mabasi na malori, ulikuwa 300,000. Biashara na viwanda 150,000. Unaona tofauti hiyo? Mabinti watatu wanaweza kubeba boksi lilelile pale stendi, mmoja kwa kampuni ya vifurushi, mmoja kwa kampuni ya basi, mmoja kwa mwenye duka la jumla, na sheria ikawawekea sakafu tatu za mshahara.

Kwa hiyo kabla ya kusema unapunjwa au hupunjwi, inua macho ukutani uone leseni ya ofisi yenu inasema nini. Kampuni ya vifurushi inapewa leseni na TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kama ndiyo hiyo iliyotundikwa, 240,000 yako mwaka 2023, 2024 na 2025 ilikuwa juu ya sakafu kwa 15,000. Kama mwenye ofisi ni kampuni ya mabasi na wewe uko kwenye kitengo chake cha mizigo, basi miaka yote hiyo umekuwa chini ya sakafu kwa 60,000 kila mwezi, na hilo ni dai.

Halafu sakafu yenyewe imeinuliwa. Oktoba 2025 serikali ilitangaza amri mpya, inatumika tangu 1 Januari 2026, na kwa wastani kima cha sekta binafsi kimepanda kutoka 275,060 mpaka 358,322. Huo ni wastani wa sekta zote, usiende kumwambia bosi kwamba ndio wako. Nenda Ofisi ya Kazi ya mkoa hapo Mtwara, mwombe afisa kazi akufungulie jedwali jipya, tafuta mstari wa sekta yenu, upige picha kwa simu yako. Mwajiri anayekusomea jedwali la mwaka juzi usimkubalie.

Sasa saa zako, maana hapa ndipo pesa yako nyingi ilipo, na hukuiuliza kabisa. Saa sita mchana mpaka saa nne usiku ni saa kumi, toa moja ya kula zinabaki tisa. Mara siku sita ni saa 54 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Kila wiki unafanya saa tisa za ziada, na saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu. Chukua kalamu tuhesabu. Mwezi kwa hesabu ya sheria una saa 195, kwa hiyo saa yako moja ni 240,000 gawanya kwa 195, unapata 1,231 hivi. Mara moja na nusu ni 1,846. Saa tisa kwa wiki zinafika saa 39 kwa mwezi, na 39 mara 1,846 ni kama 72,000. Kila mwezi! Bado usiku. Kuanzia saa mbili usiku kila saa inaongezewa asilimia tano, kwako ni zaidi ya 3,000 kwa mwezi, ndogo lakini ni yako. Na Jumapili, siku yako ya mapumziko, inalipwa mara mbili: saa tisa ni kama 22,150 kwa siku. Zile Jumapili tatu za Novemba peke yake ni 66,000 na kitu.

Kwa hiyo hata bosi asipokuongezea mshahara hata shilingi, akikulipa tu saa ulizofanya, mwezi wa kawaida usio na korosho unakaribia 315,000. Watu wengi wa kazi yetu wanaomba nyongeza wakati wanadai malipo. Nyongeza anaweza kukunyima. Saa ya ziada hana ruhusa ya kukunyima.

Tatizo ni ushahidi, na hapa nakuomba uanze leo hiihii. Nunua daftari dogo la mia tano. Kila siku andika tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotoka, basi la mwisho limeingia saa ngapi. Mei 2024 barabara ilipokatika Somanga kwa kile kimbunga cha Hidaya, nina hakika mlikaa siku kadhaa bila mzigo, halafu ukaja wote kwa mkupuo, mkachambua mpaka usiku wa manane. Nani anakumbuka leo zilikuwa saa ngapi? Lakini lile daftari la kazini unaloandika mizigo lina saa za kupokelea. Hilo nalo ni ushahidi, na mwandiko ni wako.

Nije kwenye 90,000. Mwajiri anaruhusiwa kumkata mfanyakazi kwa hasara, ila kwa masharti. Hasara iwe imetokea kazini na iwe kosa lako wewe. Kwanza akuandikie sababu, kiasi na amekipataje. Akupe nafasi ya kujitetea. Na makato yasizidi robo ya malipo yako. Robo ya 240,000 ni 60,000, naye amekata 90,000. Hata kama boksi ungelipoteza wewe mwenyewe, amevuka kwa 30,000. Na hukulipoteza wewe. Lilisomwa vibaya na mwenzako wa zamu, kutoka kwenye lebo iliyoandikwa vibaya Dar. Neno "meza ni yako" si ushahidi wa kosa.

Niseme jambo kuhusu Masasi na Masaki, maana linaniuma kama mtu niliyepita hapo. Sisi tulikuwa na kanuni: usiposoma, usikisie, uliza. Lebo yenye namba ya simu ya mpokeaji inaulizwa kwa dakika moja. Na kama lebo zenu zingekuwa na postikodi, mjadala usingekuwepo: Mtwara yote, Masasi ikiwemo, inaanza na 63, Lindi inaanza na 65, Masaki iko Dar na inaanza na 1. Pendekeza hilo ofisini kwenu, wewe ndiye unayejua maumivu yake. Karani anayeleta njia ya kupunguza mizigo inayopotea ana neno la kusema siku ya kuzungumzia mshahara, kuliko anayesema maisha yamekuwa magumu.

"Majaribio" ya miezi 28 hayapo. Mtu akishavuka miezi sita kazini sheria inamlinda asiachishwe bila sababu halali na utaratibu wa haki, awe amepewa karatasi au hajapewa. Na mwajiri ndiye anayepaswa kukupa kwa maandishi maelezo ya kazi yako: cheo, saa, mshahara, tarehe ya kuanza. Kila mshahara unapaswa kuja na maelezo ya maandishi ya kilicholipwa na kilichokatwa. Usiende na maneno ya kufoka. Mshike siku ambayo hana haraka, asubuhi basi halijaingia, umwambie: "Bosi, naomba unipe mkataba wangu kwa maandishi na slipu ya kila mwezi, na naomba tuangalie pamoja makato ya Februari." Kesho yake umwandikie hayohayo kwa ujumbe wa simu, ili tarehe ibaki. Kama mko wanne au watano mnaochambua na kubeba, mwende pamoja. Cha kufuata ni chama cha wafanyakazi wa mawasiliano na uchukuzi, COTWU, hao ndio wenye sekta yenu.

Ukipata muda, pita pia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, uulize kama umeandikishwa. Bila slipu nina wasiwasi hujaandikishwa. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, nusu akilipa mwajiri. Nusu yake kwako ni 24,000 kwa mwezi, na kwa miezi 28 ni 672,000 ambazo zingekuwa zinakungoja. Wewe ni binti wa miaka 26, uzazi uko mbele yako na NSSF ina fao la uzazi. Si jambo la uzeeni tu.

Mama yako naye ana haki yake. Posta ni shirika la umma, nafasi zake zinapita Sekretarieti ya Ajira, unaomba mwenyewe kwenye Ajira Portal bila kumlipa mtu. Kima cha chini cha watumishi wa umma kilipanda Julai 2025 kutoka 370,000 mpaka 500,000, na kwenye mfuko wao wa pensheni, PSSSF, mtumishi anachangia asilimia tano, mwajiri 15. Ni mbali na ulipo. Huko ngazi yako itaamuliwa na cheti: kidato cha nne peke yake ni ngazi moja, mwenye cheti au stashahada anaanzia juu zaidi. Kwa hiyo fungua akaunti, weka vyeti vyako, na kama una nafasi ya kusoma jioni kitu cha kompyuta au utunzaji kumbukumbu, soma. Ila kusubiri na kutulia ni vitu viwili. Subiri Posta huku ukidai chako hapo ulipo, na usiache kazi kabla hujapata nyingine.

Bosi akikataa kusikiliza, unaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, hapohapo Mtwara. Kufungua shauri ni bure, unajaza fomu namba moja, na unakwenda na daftari, ujumbe wa simu na taarifa ya miamala inayoonyesha 150,000 ya Februari. Lakini dai kama hili la makato lina siku 60 tu tangu lilipotokea. Umekatwa 28 Februari. Siku ya 60 ni 29 Aprili, iandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako.

Mjomba wako